Kufuli la Baba

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri. Sisi hatujambo, mjukuu wako ameanza kusimama, hakuna kitu kinachobaki mezani.

Nina jambo, na nimelizungukazunguka wiki nzima. Ile lugha ya kompyuta mliyoijenga na wenzako, sehemu yake ya mawasiliano ya mtandao sasa iko mikononi mwangu. Bado limo lile kufuli lako, yaani ule msimbo wa kuficha ujumbe unapopita mtandaoni. Siku hizi wahuni wanalifungua bila jasho. Kikao kimeamua litolewe, na mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti limeanza kukubali ngazi. Mama yako anakusalimu.

Nilisoma barua yako, nikatoka kutembea. Sitakuficha, iliniuma. Kufuli lile nililiandika wewe ukiwa tumboni. Lakini likishaoza, watu wanalala wakidhani wamefunga mlango. Litoe. Ila kwanza tafuta ni nani bado analitumia.

Baba yako

29 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Niliuliza huku na huku, ikajitokeza zahanati moja ambayo mashine yake ya kupima damu hutuma majibu kwa madaktari kupitia kufuli lako. Ningelitoa mwezi ule ule, majibu ya wagonjwa yangekwama. Wenzangu wakasema shauri yao. Nikagoma. Nikashinda kwenye simu na fundi wa pale, mama mmoja mcheshi, mpaka mashine ikahamia kwenye kufuli jipya. Jibu la kwanza lilipofika akaniambia, "Haya, sasa katupe takataka yako." Sikumwambia ni ya nani.

Kwetu, mabadiliko hayaingii mpaka mtu wa pili ayapitie. Wewe bado unaruhusiwa. Utapenda?

Mwanao

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba, sote wazima. Mama yako alicheka hiyo takataka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa nimesahau nywila, nikaomba nyingine. Nimepitia mstari kwa mstari. Asubuhi nilikuandikia humo humo kwamba umeacha kile kipande cha msimbo nilichokitumia kulijaribu kufuli. Nadhani ulikionea huruma kwa sababu humo niliandika utani wa kumsema bosi wangu wa wakati ule. Ulipokitoa, nikabonyeza kitufe cha kukubali.

Nilidhani nitasononeka. Badala yake nikajikuta namwita mama yako aache sufuria, aje aone kazi ya mwanawe.

Baba yako