Radhi za Salumu

Kisarawe, Jumapili, Juni 1954

Basi, ameondoka. Mwanangu Salumu anakwenda Uingereza kusomea kitu kilichomo ndani ya kimea, kile kinachogeuza uji ukawa togwa tamu. Nikamtania, "Bwana mkubwa, marehemu mama yako aliutia utamu bila kupanda meli."

Akacheka. "Baba, kitu kama hicho kimo hata kwenye mate yako."

"Basi baki, unisome mimi."

Masomo ni ya miaka mingi, na huenda wakampa kazi hukohuko. Kwa uzee huu, sidhani kama nitamwona tena.

Lori lilipopiga honi akainamisha kichwa nimtemee mate ya radhi, kama baba yangu alivyonifanyia. Kinywa kikakauka kabisa. Nikampangusa vumbi kichwani, nikamwambia lori litamwacha.