Uliwaambia Zimefutika

Alhamisi, 6 Novemba. Asubuhi mawingu, manyunyu mepesi hadi saa tatu, kisha jua na fukuto.

Somo,

Arobaini yako imepita. Tangu uliponiita ofisini kwako kwa sababu tu jina letu ni moja, Zuhura mkubwa na Zuhura mdogo, sijawahi kukukasirikia. Leo nimekukasirikia. Lakini kwanza nikueleze kinyaa nilichonacho kwa ndugu yako.

Wiki iliyopita Athumani aliifungua ofisi. Kufuli alilivunja, ingawa ufunguo ninao mimi na kwangu anapajua. Akaketi kwenye kiti chako, juu ya mto ulioushona mwenyewe, akala mahamri na mbaazi mbele ya kompyuta. Mafuta ya vidole vyake nimeyapangusa kwenye vitufe mara mbili na bado nasikia harufu yake. Alisema mashine inauzwa, mnunuzi ni mfanyabiashara wa viazi pale Kongowea. Sawa, ni urithi, auze. Ila kabla ya kuuza akaanza kupekua barua pepe, akafika kwenye folda ya takataka.

Unajua alichokikuta, somo. Walikuwamo wote.

Wanawake wa Magogoni walikuja kwako kwa sababu simu ya nyumbani si ya mtu mmoja. Mume anaifungua, mkwe anauliza nani kapiga. Basi binti zao walioko Arabuni waliandika kwa anwani ya ofisi, nawe ukawasomea kwa sauti ya chini, pazia limeshushwa. Wakajibu, ukachapa. Mwishoni uliuliza, "Tuifute?" Nao wakasema, "Ifute, Bi Zuhura." Ukawageuzia kioo cha kompyuta waone, ukabonyeza, ule mstari ukatoweka. "Imefutika," ulisema. Wakajifunga leso upya, wakaenda zao.

Haikufutika. Kile kitufe kinaihamisha barua tu, kutoka folda moja hadi nyingine, kama anayefagia vumbi chini ya mkeka. Nawe ulijua. Nilipokuuliza mbona humwagi ile folda, ulicheka. "Jaani hachakuri mtu ila kuku. Siku msichana mmoja akipotea huko, maneno yake utayatafuta wapi?" Niliona una akili.

Kumbe kuku yumo nyumbani mwenu.

Nilifika jioni nikamkuta dirishani, kioo kakielekeza ndani na mdomo kauelekeza nje, barazani kwa wanywaji kahawa. "Haya, wazee wangu, leo kuna mchezo wa redio!" Alikuwa akisoma barua ya Riziki kutoka Arabuni. Ile anayosema analala jikoni, na mtungi wa gesi kauegemeza mlangoni, kwa sababu ya shemeji ya bibi wa nyumba. Athumani akasita, akauliza, "Mtungi wenyewe una gesi lakini?" Wakacheka. Somo, walicheka, vikombe mkononi. Mmoja akapiga kelele, "Ongeza sauti!" Ni Mzee Shee peke yake aliyesema, "Athumani, funga. Hiyo ni aibu ya watu." Ndugu yako akamjibu, "Aibu ya nani? Nimeiokota jaani. Kilichotupwa hakina mwenyewe."

Nilikwenda nyuma ya duka la mkaa nikanawa mikono, ingawa sikuwa nimegusa kitu.  

Usiku uleule maneno yalifika kwa babake Riziki. Hakumpiga mkewe, ila hajasema naye tangu siku hiyo. Anasema amefichwa shida ya mwanawe ndani ya nyumba yake. Mama Riziki alikuwa akinipitia na karai lake la muhogo na kuniita mwanangu. Sasa anapita upande wa pili wa njia. Nilipomkimbilia alisema neno moja tu: "Somo yako aliniambia imefutika."

Hapo ndipo kinyaa kilipogeuka, kikakufikia na wewe. Ulihifadhi kwa wema, najua. Lakini uliwadanganya machoni pao, huku umewageuzia kioo.

Mnunuzi anakuja kesho. Athumani ameniambia nisiguse kitu, mali ya urithi. Mashine ni yake. Maneno si yake. Niliwapitia wanawake majumbani, kila mmoja peke yake, nikawauliza. Wote jibu lao lilikuwa moja: choma.

Mama Riziki nilimbembeleza aje mwenyewe leo asubuhi. Alisimama mlangoni. "Mnataka nini tena? Hamjatosheka?" Nikamwambia, "Njoo ubonyeze kwa mkono wako, nami nikuonyeshe kila inapokwenda." Akaketi. Akaomba moja nimwachie, ile Riziki anayouliza kama mbuzi amezaa. Nikaichapisha. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso. "Hii babake anaweza kuisoma," alisema.

Kisha nikairudisha ile ya mtungi kwenye folda ya barua zilizoingia, naye akabonyeza, kidole kina udongo wa muhogo. "Imekwenda wapi?" Nikamfungulia takataka, akaiona imekaa pale. Akaguna. Tukaimwaga folda, orodha ikawa tupu. Lakini nilikuwa nimeandika kwenye daftari ukubwa wa faili ambamo programu huweka barua, na haukupungua hata kidogo. Ndivyo programu hii ilivyo: barua uliyoimwaga inawekewa tu alama isionekane. Maneno yenyewe yanabaki kwenye diski mpaka uiamuru ikaze folda, iandike faili upya bila hiyo barua. Tukaikaza. Faili likasinyaa. Mama Riziki akasema, "Bado sikuamini." Alikuwa na haki. Nilipoingia kwa njia ya mtandao, kwa wale wanaotutunzia barua, zote zilikuwa huko, zimejipanga kama wageni wasioambiwa kuwa harusi imekwisha. Uliiweka programu ichukue nakala na kuziacha zile za asili. Tukazifuta na huko, tukamwaga na takataka ya huko, maana mtandao nao una yake.

Alipoondoka hakuniita mwanangu. Ila alipita upande huu wa njia.

Nikabaki na zako, zile ulizotuma. Nilizisoma kwa mara ya mwisho, pazia limeshushwa. "Usilie, mama. Mlango ufunge. Mimi niko hapa ofisini mpaka saa kumi na mbili, andika wakati wowote." Hakuna picha yako inayokuonyesha vizuri ulivyokuwa kuliko mstari huo. Nilitaka kuuficha mahali. Halafu nikafikiri kwamba mnunuzi wa viazi naye ana vijana, ana dirisha, ana baraza. Nikaufuta. Nikamwaga, nikakaza, nikaingia mtandaoni nikafuta huko. Humo ndani hakuna chako kilichobaki ila jina letu kwenye anwani.

Nenda salama, somo yangu. Hasira zitapoa, inshallah. Kwa Athumani sijui. Nakuahidi jambo moja. Nikifungua ofisi yangu, na nitafungua, sitamwambia mwanamke yeyote "imefutika." Nitamwambia, "Nimefuta kila mahali ninapopajua," na nitampeleka apaone kwa macho yake.

Nimenawa mikono tena. Nazima taa saa nne na nusu.

Zuhura mdogo