Tajiri wa Kikorea Niliyempa Jina la Bwana Mrisho

Baba,

Nimefanya jambo ambalo ungenigombeza, na sijutii.

Bwana Mrisho, mwenye banda la video hapa Cheyo, alikuja nyumbani kumwomba mama ile filamu yako ya zamani ya Kikorea. Eti vijana siku hizi wanapenda Wakorea. Mimi ndiye niliyesema, kwa sauti yangu hii ya chini, kwamba nitaileta na nitaitafsiri mwenyewe. Akacheka. "Huyu mpole ataweza maiki?"

Unakumbuka tulivyoiandaa? Wewe mkekani, mimi na kamusi, nakusomea maandishi ya Kiingereza ya chini ya picha, wewe unayageuza hadi mama anacheka huko jikoni. Kila Mkorea ulimpa jina la huku kwetu, kama watafsiri wote wafanyavyo. Mkulima akawa Maganga, mkewe Kalunde. Ulipenda kusema, "Hata kwao serikali iliifungia, kisa Maganga kamtemea mate tajiri aliyempora shamba."

Halafu siku ya kuionyesha, ilipofika hapohapo, Bwana Mrisho akaiziba projekta kwa kofia yake, maana rafiki yake aliyewapora watu mashamba ya mpunga alikaa kiti cha mbele. Nilikuwa miguuni pako na karatasi zetu, nikamsikia Bwana Mrisho akikunong'oneza useme Maganga na tajiri wamepatana. Ukaiweka maiki chini. Yeye akaiokota, akawaambia watu, "Msameheni, kalewa."

Kalewa! Wewe, uliyekuwa ukinusa hata togwa kabla ya kunywa, isije ikawa imechacha. Jina la mlevi likakuganda. Hata msibani kwako, mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele alimwambia mwenzake, "Pombe hizi, jamani." Mimi nilikuwa nimebeba ndoo ya maji. Sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniuma, Baba. Sikusema kitu.

Jumamosi alasiri banda lilijaa. Nikaishika maiki. Maganga nikamwacha Maganga wako. Lakini yule tajiri nikamwita Mrisho. Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Mrisho mwenyewe pale mlangoni, na kila tajiri alipotokea wakapiga kelele, "Mrisho mwongo huyo!" Ilipofika pale pa mate, nikasema, "Hapa ndipo baba yangu alipozibwa. Hakuwa amelewa." Mtu akapaza, "Sema, binti!" Nilisikia utamu mpaka nikajiogopa.

Filamu ilipokwisha alinisubiri nje, kasimama vile wazee wanavyosimama wakingoja kuamkiwa. "Mwanangu, umeniaibisha."

Sikumwamkia. Mimi, ninayewaamkia hata wasioniona! Nikampita.

Pumzika, Baba, Mungu akupe nafasi pana. Nakuahidi hivi: siku atakaposimama mbele ya watu wale na kusema alikusingizia, atapata shikamoo yangu. Kabla ya hapo, aingoje mpaka meno yamwishe.

Mwanao,
Zuhura