Nilimuuliza Kama Ameelewa, Akasema Naam

Jumatano, Kisauni. Mawingu mazito tangu asubuhi, joto limekaa juu ya mabati, na mvua yenyewe haishuki.

"Asidi haina kabila wala dini. Haikuulizi umetoka Likoni au Kitale. Ukiikosea, inakuunguza, basi." Ndivyo alivyoandika Dakta Bakari, mwenzangu wa idara ya kemia, kwenye kundi letu la WhatsApp kabla hata sijamaliza chai. Wenzetu wakammiminia vidole gumba.

Hoja ya kijanja, na ya uongo. Asidi haiulizi, sawa. Lakini kabla ya asidi kuna watu, na hao watu huuliza sana. Wao ndio wanaoamua nani atashika chupa, nani atasoma kipimo, na nani atasimama kwenye sinki kuosha vioo vya wenzake.

Ningeweza kumjibu hivyo palepale. Badala yake niliifunika simu kwa kitambaa cha meza kama mtu anayefunika kitu kinachonuka.

Naogopa.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua nimewasema wakubwa wa kila aina: madiwani, walimu wakuu, wenye hoteli za Shanzu wanaofunga njia za kwenda pwani. Sikuwahi kuwa na hofu. Leo ninachoogopa ni mkutano wa idara wa kesho saa tatu, katika chumba kidogo chenye feni mbovu, mbele ya watu ninaokula nao mahamri kila siku.

Ajenda ni mwanafunzi mmoja. Nitamwita Mwanakombo, ingawa si jina lake. Ni mtoto wa Likoni, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Wiki iliyopita, katika somo langu la maabara, alimimina maji ndani ya asidi kali badala ya kuimimina asidi kidogo kidogo ndani ya maji. Ikachemka na kuruka. Miwani ya kinga ilimwokoa macho, lakini mkono wa kulia umeungua kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Kesho watapendekeza ahamishwe kutoka kemia, apelekwe kozi isiyo na maabara. "Kwa usalama wake," ndivyo barua ya kuitisha mkutano inavyosema.

Sasa nieleze ambalo sijamwambia mtu.

Katika idara yetu wanafunzi hujipanga wenyewe kwa makundi. Tunaita uhuru. Waliosoma shule zenye maabara hukimbiliana, huzishika pipeti za kupimia siku ya kwanza, na hawaziachi tena. Waliosoma shule ambazo kemia ilikuwa picha ubaoni hubaki na kazi mbili: kuandika majibu na kuosha vioo. Mwanakombo ana mwandiko mzuri sana. Ameandika na kuosha kwa mihula miwili.

Nami nimemwona. Kila wiki nimemwona pale, mgongo wake kwetu, bomba likimwaga maji. Juu ya sinki lile kuna bango la kamati ya ujumuishi: SAYANSI NI YA WOTE. Maneno hayo niliyatunga mimi. Mimi ndiye katibu wa kamati.

Siku ile nilisema kila mtu atafanya zoezi peke yake. Nikaeleza utaratibu wa asidi na maji, kwa Kiingereza changu cha mbio, huku yeye akiosha vioo vya zoezi la awali. Maji yalikuwa yakipiga kelele kwenye sinki. Aliporudi mezani nilipita nikamuuliza, "Umeelewa, mwanangu?"

"Naam, mwalimu."

Nikaenda zangu.

Mimi ni mzaliwa wa Mtopanga. Naijua hiyo naam. Nimeisema utoto wangu wote. Mkubwa akikuuliza umeelewa, unasema naam, kisha unamfuata mwenzako pembeni akueleze. Siku ile pembeni hapakuwa na mwenzake. Kila mmoja alikuwa ameinamia chupa yake. Angeulizwa na mgeni, ningesema mgeni hakujua. Lakini aliulizwa na mimi.

Jumapili nilivuka feri kwenda kwao. Mama yake alinipokea vizuri hadi nikaona haya, akanipa kiti cha pekee chenye mto. Tulipomaliza kuulizana hali alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nambia kweli. Huyu mwanangu alikuvunjia heshima?"

Mkono wa bintiye umefungwa bandeji, naye anaogopa mtoto alikosa adabu.

Mama alipokwenda jikoni nilimuuliza binti kwa nini hakuniambia kwamba hakusikia maelezo.

"Wenzangu wote walikuwa washaanza, mwalimu. Ningesema sikusikia mbele ya watu, si ingekuwa kama wewe hukufundisha? Niliona nitakuaibisha."

Alikuwa akinilinda mimi. Sijapata usingizi mzuri tangu hapo.

Na bado sijafika penye ubaya wenyewe. Fomu ya ajali ina swali: je, mwanafunzi alipewa maelekezo? Saa moja baada ya ajali niliandika: "Ndiyo. Alithibitisha kuwa ameelewa." Nikatia sahihi. Hakuna neno la uongo katika sentensi zile, na sentensi zile ndizo zitakazomtoa kesho.

Nikisimama kuzikanusha, itabidi niseme yote: sinki, mbio zangu, naam niliyoijua nikaipita. Mkataba wangu mpya uko mezani kwa mwenyekiti wa idara, haujatiwa sahihi. Nina umri wa kutoanza upya. Hiyo ndiyo hofu, nimeivua nguo hapa mbele yenu.

Mutua, fundi wetu wa maabara, mtoto wa Changamwe, ndiye aliyemkimbiza Mwanakombo kwenye bomba na kuushikilia mkono wake chini ya maji hadi gari likaja. Leo mchana alinikuta koridoni. "Madam, kule kwa blogu unakulanga watu na viatu," akaniambia. "Kesho ndio tutajua kama meno ziko." Akacheka.

Naichapisha shajara hii sasa, kabla ya adhana ya magharibi, nisije nikabadili nia. Ikishatoka, siwezi kuirudisha kinywani.

Kesho nitaomba ile fomu nami nitaandika upya jibu langu mbele ya kikao. Nitataka abaki kemia, na makundi yapangwe na sisi walimu, kila mmoja aoshe na kila mmoja ashike. Lakini sauti moja, tena ya mwenye kosa, haitatosha.

Kwa hiyo nawageukia ninyi wenzangu wa idara. Najua mnanisoma humu kimyakimya, halafu asubuhi mnajifanya hamkuona. Nyote mmefundisha katika maabara ile. Nyote mmemwona kwenye sinki. Kesho msiinamie simu zenu. Semeni mlimwona.

Na wewe Bakari, nianze na wewe. Uliwahi kunisimulia, tukiwa tunakula, kwamba mwaka wako wa kwanza wenzako walikugeuza muosha vyombo, ukajifunza kemia kwa kuchungulia mabega yao. Ulisimulia ukicheka. Kesho saa tatu isimulie tena, mbele ya mwenyekiti, bila kucheka.