Sikio la Tokoch

Dada mshauri, Ijumaa hii ni zamu yangu kuchekwa na wasomaji wako wa mkoa mzima wa Naryn, lakini nisaidie, maana binti yangu Akmoor, wa miaka sita, haamini tena neno linalotoka kinywani mwangu, hata nikimwambia chai ni ya moto anatia kidole kwanza. Chanzo ni kitabu cha picha alicholetewa na dada yangu wa Bishkek, cha mbwa mzee anayekufa na mtoto anayemlilia, kaburi limechorwa na kila kitu, nami nikaona huu ni ukatili, mtoto mwenyewe hajui kusoma, basi kila nikifika ukurasa ule nasema mbwa amepanda malisho ya juu kupumzika, naye anaridhika. Sasa tulikuwa na kondoo, Tokoch, aliyefiwa na mama yake akiwa mchanga, Akmoor akamlea kwa chupa kando ya jiko, na siku ya kutia alama akamng'ang'ania baba yake amkate Tokoch sikioni mikato miwili badala ya ule mmoja wa ukoo wetu, asije akachanganywa na wengine. Juzi akaja mjomba wa mume wangu kutoka Osh, na mgeni wa namna hiyo hapikiwi viazi, mume wangu akashuka kutoka malishoni, akachinja kondoo aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni Tokoch. Mtoto alikuwa kwa jirani, aliporudi nikamwambia Tokoch naye amepanda malisho ya juu. Mjomba akapewa kichwa cha kondoo, kama anavyostahili mgeni wa heshima, akakata sikio, akampa mtoto mdogo kuliko wote pale ili awe msikivu kwa wakubwa, na mdogo kuliko wote ni nani kama si Akmoor. Akaligeuzageuza, akasema bila kulia, "Hili ni la Tokoch." Mama mkwe akamwambia, "Kula, mjukuu wangu, linapoa." Mjomba akakohoa. Ndipo mtoto akanigeukia mimi: "Mama, na yule mbwa aliliwa na nani?"

Tangu hapo nyama hagusi, na bibi yake amemfichia viatu asipande mlimani. Baba yake amesharudi kwa mifugo kwenye malisho ya juu, na jana mtoto kaniuliza sikio la baba atapewa nani. Mama mkwe anataka kitabu kikawashie jiko. Mume wangu anasema tumkate kondoo mwingine mikato miwili, tuseme Tokoch karudi. Nifuate lipi?

Burulay, Naryn

Burulay, nimecheka, nimekuhurumia, na sasa kaa nikugombeze.

Tuanze na mumeo. Mtoto aliyelitambua sikio lililobabuliwa na kuchemshwa atashindwa kumtambua kondoo bandia? Na huyo bandia akija kuchinjwa, mtasema nini? Mwambie aweke kisu chini.

Mama mkwe naye aache kitabu. Nyumba nzima hicho ndicho pekee kilichotaka kumwambia Akmoor ukweli, na wewe ukakiziba mdomo. Uliogopa machozi. Machozi ya mbwa wa kuchorwa yangekauka kabla ya kifungua kinywa. Badala yake umemfundisha kwamba anayepanda malisho huishia kwenye sinia, tena katika mkoa ambao kiangazi kizima nusu ya wanaume wako huko. Mtoto wako si mgonjwa. Anafikiri vizuri kuliko ninyi nyote, ila amepewa habari mbovu.

Kumchinjia mgeni si kosa, sikwambii muache. Kosa ni kumchinja rafiki wa mtoto akiwa kwa jirani, kimyakimya kama wezi.

Leo hii chukua kitabu, fungua ukurasa ule, usome kilichoandikwa. Neno ni "amekufa". Si amelala, si amesafiri. Kisha sema: Tokoch amekufa, baba alimchinja, mimi nilijua nikakudanganya. Usimalizie na "lakini". Akilia, mwache alie, na usimkimbilie na peremende. Mpigie mumeo huko juu kwenye kilima kinachoshika mtandao, amwambie mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliye hai. Nyama asilazimishwe. Mama mkwe atanung'unika; mwache, ana viatu vya kurudisha.

Baada ya hapo yatakuja maswali mabaya zaidi. Atauliza kama Tokoch aliumia. Atauliza kama wewe nawe ulimla. Atauliza kama alikuwa mtamu.

Ulimla, na alikuwa mtamu. Mwambie.