Harufu ya Bafu la Gari-Nyumba na Kuondoka kwa Mkunga Euphrasia

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA USHIRIKA WA WACHIMBAJI WADOGO, NYARUGUSU
Jumanne, 13 Machi 1979, kando ya gari-nyumba, kuanzia saa tisa alasiri

Waliohudhuria:
Ndugu Makoye (Baba Mabula), Mwenyekiti
Ndugu Mwanaidi Akida (Mama Zamoyoni), mwenye mgahawa wa chai, Katibu
Ndugu Fikirini, fundi wa pampu, Mjumbe
Ndugu Nyamizi, muosha mchanga, Mjumbe

Asiyekuwapo kwa taarifa: Ndugu Ignas, yuko msibani Bulyanhulu.
Asiyekuwapo kwa kufukuzwa: Bibi Euphrasia, mkunga.

Mwenyekiti alitaka neno "kufukuzwa" lifutwe. Katibu alimwuliza aandike neno gani badala yake. Halikupatikana.

KUMB. NA. 1/79: KILICHOPOTEA
Ushirika ulimpoteza mkunga wake Jumatatu, 5 Machi 1979, asubuhi, alipopanda lori la mbao kurudi kwao Rwamgasa. Gari-nyumba hili, lililoachwa na wapimaji wa madini baada ya injini yake kufa, ndiyo nyumba ya uzazi pekee tuliyo nayo. Bibi Euphrasia alilala humo na kuzalishia humo. Akina mama kumi na saba waliingia mmoja mmoja, wakatoka wawili wawili. Katibu alitamka kwamba ana maslahi katika jambo hili: binti yake Zamoyoni yuko mwezi wa tisa, na mkunga mwingine yuko Geita, kwa barabara iliyokwisha kuliwa na mvua.

KUMB. NA. 2/79: TUHUMA
Ilikumbushwa kwamba harufu ya choo ilianza bafuni mwezi Februari. Mwenyekiti hakumwuliza fundi. Alisimama kwenye mkutano wa hadhara, wajawazito wakiwapo, akasema: "Huyu mama anatupa makondo ya nyuma kwenye tangi, sisi tunavuta!" Bibi Euphrasia alijibu kwamba kila kondo alimkabidhi bibi wa mtoto akalizike. Watu walicheka. Alikwenda kufunga mizigo yake.

Mwenyekiti alieleza kwamba ule ulikuwa utani. Ndugu Nyamizi alisema: "Utani una wenyewe, Baba Mabula. Yule amekuwa mtani wako tangu lini?"

KUMB. NA. 3/79: UCHUNGUZI
Ndugu Fikirini alitoa taarifa kwamba Jumamosi yeye na Katibu walimwaga tangi la maji machafu. Yalitoka maji, sabuni na vya chooni. Kondo halikutoka hata moja. Alipanda paani, akazibua bomba la hewa na kutoa kiota cha shomoro. Harufu ilibaki vilevile.

Ndipo Katibu alipoleta chetezo chake. Tangi likiwa limesuuzwa na mfuniko wa choo umefungwa, ubani ulifukizwa kwenye tundu la tangi, chini ya gari. Moshi kidogo ulipita paani, mwingi ulitoka kwenye sinki la kunawia mikono, kwa maneno ya Ndugu Fikirini, "kama sinki linavuta sigara." Kabati la chini ya sinki lilifunguliwa. Bomba lililopinda kama shingo ya bata, ambalo hubakiza maji ndani yake ili yazibe harufu ya tangi, halikuwapo. Mahali pake palikuwa na kipande cha mpira kilichonyooka, kimefungwa kwa tyubu ya baiskeli.

KUMB. NA. 4/79: BOMBA LILIKOKWENDA
Ndugu Nyamizi alisema alimwona Mwenyekiti kule mwaloni, tunakoosha dhahabu, akiligongagonga bomba hilo juu ya karai.

Mwenyekiti: "Mwalo mzima umejaa watu, umeniona mimi tu?"
Ndugu Nyamizi: "Wenzio walikuwa wanaosha mchanga, baba. Wewe ulikuwa unaosha bomba."

Hapo Mwenyekiti alieleza kwamba mkunga alimlazimisha kila aliyekuja kutazama mtoto anawe kwenye sinki hilo, na wachimbaji walinawa wakiwa na vumbi la mwamba mikononi. Dhahabu hulala penye kina, kama kwenye mkunjo wa bomba, na mchimbaji mwenye akili haiachi imelala. Katibu aliuliza ilipatikana kiasi gani.

"Punje," alijibu. "Kama ulezi."

Iliulizwa bomba liko wapi. Ilijibiwa kwamba lilipasuka kwa kugongwa. Ndugu Nyamizi alisema asante kwa Kisukuma, "Wabeja, Baba Mabula," na haikuwa shukrani.

KUMB. NA. 5/79: MATENGENEZO
Ndugu Fikirini alikunja mpira wa rejeta ya lori bovu, akaufunga chini ya sinki, maji yakamwagwa. Gari lilifungwa madirisha usiku kucha. Asubuhi lilinukia ubani tu. Iliagizwa maji yamwagwe sinkini kila siku ili mkunjo usikauke, maana wa kunawa hayupo.

Mwenyekiti alisema harufu imekwisha, basi na yaishe. Katibu alijibu kwamba harufu ilikuwa sinkini. Neno alilotukanwa mkunga bado liko Rwamgasa. Ndugu Fikirini aliarifu kwamba Jumapili alimpelekea mkunga salamu za kumwomba arudi. Jibu lake lilikuwa: "Aliyenitukana ana miguu."

KUMB. NA. 6/79: KUFUNGA
Mwenyekiti aliondoka kabla ya kufunga, akisema anawahi ng'ombe. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kupita hapo na mchungaji wao. Ndugu Nyamizi alifunga kikao saa kumi na moja na nusu jioni.

Sahihi ya Katibu: M. Akida
Sahihi ya Mwenyekiti: (pameachwa wazi)

Ndugu Mwenyekiti, kabla hujatia sahihi hapo juu, jibu. Utakwenda Rwamgasa mwenyewe kumwomba radhi Bibi Euphrasia, na utakanusha hadharani ulichokisema hadharani, au huendi? Ndiyo au siyo, mkononi mwa Katibu, Ijumaa tarehe 16 Machi, kabla ya saa sita mchana. Habari za mvua na ng'ombe hazitapokelewa. Lori la Rwamgasa huondoka saa saba, na Zamoyoni hana Ijumaa nyingine ya kungoja.