Simba wa Newala na Unga wa Mikorosho

Jumatatu, 7 Julai
Suruali nne kabla ya adhuhuri. Uzi mweusi umeadimika Kariakoo nzima. Utingo wa basi la Newala kaleta barua ya Mama, kaandikiwa na mwalimu wa kijiji. Ukurasa mzima ni simba. Kala mbuzi wa jirani, watu hawatoki peke yao. Mwishoni mstari mmoja: maua ya mikorosho yana unga mweupe. Huo nikaupita. Nimeshona mfuko kinyume.

Jumanne, 8 Julai
Nimemjibu. Asikanyage shamba la zamani, kwenye mikorosho. Tangu wahamishiwe kijiji kipya ni mwendo wa saa mbili, pori tupu. Mama mbishi. Nimeandika kwa herufi kubwa: USIENDE.

Jumamosi, 19 Julai
Bwana shamba anayekaa Upanga kaja kujaribu suruali. Nikamsimulia simba, hakushtuka. Nilipotaja unga akaacha kujitazama kwenye kioo.
"Fundi, simba akishiba analala. Huo ni ukungu, haushibi. Ukimaliza mti huu, upepo unaupeleka wa pili."
Dawa hana. Labda kukata machipukizi ya ndani na kuyachoma, upesi. Wa kwenda kukata nani? Mama.
Nimemchukia yule bwana kutwa nzima.

Jumapili, 20 Julai
Sikwenda Jangwani kwenye mpira. Barua nimeianza mara tatu. Nikimwambia nenda, akiliwa je? Nikimwambia kaa, mikorosho aliyopanda na marehemu Baba inakwisha. Simba najua kumwogopa, ana meno, ana nyayo. Unga sijui hata niuogope vipi. Naona aibu. Barua ya pili sijaipeleka.

Alhamisi, 31 Julai
Kimya. Utingo anasema simba bado yupo. Nimemgombeza mke wangu bure, eti chumvi.

Jumatano, 27 Agosti
Barua mpya ya Mama: simba kauawa. Kijiji kimecheza ngoma siku mbili. Mama mzima. Nimefurahi, nimefunga cherehani mapema. Kisha nikaurudia mstari wa mwisho wa barua, mara nyingi. Salamu tu. Kuhusu maua, hakuna neno.

Jumamosi, 15 Novemba
Mama kafika, amekonda.
"Ulisema nisiende, baba. Sikwenda."
Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.
Kila mwaka huja na mfuko wa korosho za binti yangu Zaituni. Leo mtoto kaufungua mwenyewe. Ndani mna ukucha wa simba, umeviringishwa kitambaa. Akauliza korosho ziko wapi. Nikamwambia amshukuru bibi yake.